Rekodi Iliyobanwa Ibaki Inasomeka



Prosesa ya gigahezi 3 hupiga mizunguko bilioni 3 kwa sekunde. Tukiandika baiti moja tu kwa kila mzunguko, sekunde moja itatuachia gigabaiti 3 za rekodi ya hatua za programu. Mhandisi anayesaka kasoro iliyojitokeza mara moja, usiku wa manane, kwenye mfumo wa malipo, aanzie wapi? Hoja yangu ni kwamba rekodi ibanwe kwa namna itakayoiacha isomeke hivyo hivyo ilivyobanwa. Kubana ambako lazima kufumuliwe kabla ya uchunguzi hutuokolea nafasi ya diski tu.

Chukueni programu inayofungua faili, ikasoma, ikaandika, kisha ikarudia. Rekodi yake tuiandike FSAFSA. Algoriti ya Sequitur, waliyoichapisha Craig Nevill-Manning na Ian Witten mwaka 1997, hupokea alama moja moja na kushika masharti mawili: jozi ya alama zinazofuatana isijirudie, na kila kanuni itumike angalau mara mbili. Ikikutana na FS ya pili, inatunga kanuni: X ni FS. A ya mwisho ikiingia, rekodi imekuwa XAXA. XA imejirudia, basi Y ni XA, na rekodi nzima ni YY. X sasa inatumika mahali pamoja tu. Inafutwa, na Y inakuwa FSA. Hakuna aliyeiambia mashine kwamba hatua hizo tatu ni kazi moja. Imeligundua hilo yenyewe, na sijaona jambo zuri kuliko hilo katika taaluma hii.

Mwaka 1999 James Larus aliilisha Sequitur njia za programu nzima, yaani mfuatano wa hatua inazopitia inapotenda. Yeye na Thomas Ball walikwisha kuonyesha, mwaka 1996, jinsi ya kuipa namba kila njia isiyo na kitanzi. Katika sarufi iliyopatikana, yaani mkusanyiko wa kanuni kama zile X na Y, aliweza kutambua njia zinazopitwa mno, bila kuifumua.

Kufupisha ni jambo jingine, nalo linataka uangalifu. Abdelwahab Hamou-Lhadj na Timothy Lethbridge walipendekeza mwaka 2006 tuondoe vipande vya huduma, yaani vile vinavyoitwa na vingi ilhali vyenyewe huita vichache. Muhtasari huo humfaa sana mgeni wa mfumo. Lakini kasoro hailazimiki kukaa kwenye kazi kubwa; huenda imo katika vipande tulivyoviondoa. Kwa hiyo nadai kila mstari wa muhtasari ubebe anwani ya mahali pake katika rekodi kamili.

Penye ugumu hasa ni kwenye nyuzi, yaani mikondo ya programu moja inayotendeka sambamba. Nyuzi 8 zikienda kwa pamoja, hatua zake huingiliana ovyo, na sarufi inakosa cha kushika. Tukizitenganisha zinabanika vizuri, ila hatujui tena upi ulitangulia upi, na kasoro za kugombania data zimejificha papo hapo. Ninachokusudia kukifanya chuoni hapa ni kubana kila uzi peke yake, huku tukitunza mpangilio wa pale tu nyuzi zinapokutana: kufuli likichukuliwa, kufuli likiachiwa, data ya pamoja ikiguswa.