Kuhamia Kivinjari Kipya

Somo letu leo ni juu ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Firefox ilitolewa mwaka 2004, Chrome mwaka 2008. Katika kompyuta, zote mbili hukubali kubadilishwa rangi na kuongezewa programu ndogo, kama ya kuzuia matangazo. Katika simu ya Android, Firefox hukubali nyongeza hizo. Chrome ya kawaida haikubali.

Basi, ukitaka kuhama, usifute ya zamani kwanza. Katika kompyuta, fungua Firefox, uiamuru ilete kutoka Chrome alama za kurasa zako. Hakikisha zimefika. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.