Bibi Aliyezikwa Mara Tatu

Nafundisha chuo hapa Dar es Salaam, na visingizio vya watoro navijua. Zamani daladala iliharibika njiani. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, lawama ni foleni ya Kimara. Malaria hupanda Jumatatu asubuhi. Kijana mmoja alimzika bibi yake mara tatu kwa mwaka mmoja.

Basi akaja binti, macho mekundu: "Mwalimu, nimefiwa na mama." Nikadai kibali cha mazishi. Akakitoa mkobani, akanipa kwa mikono miwili.

Neno "pole", ambalo kwetu hutangulia, mimi nililitoa mwisho. Nimemwomba radhi. Lakini nanyi watoro, uongo wenu aliulipia yeye.