Oili Hudondoka Chini, Huvuja Juu

Huku Masama, mlimani, gari likivuja oili kila mtu hujua, kwa sababu halilali gereji. Linalala uani, kati ya migomba na jiko, na kukipambazuka doa jeusi liko pale ardhini, kuku wameshalikanyaga. Leo nazungumzia doa hilo, hasa lile linalojitokeza siku mbili tatu baada ya wewe mwenyewe, au shemeji yako mwenye boksi la spana, kulitengeneza gari nyumbani.

Kutengeneza nyumbani sioni ubaya wowote. Kushuka hadi Boma Ng'ombe au Moshi mjini ni mafuta, ni siku ya kazi imepotea, na ukifika unaambiwa uache gari urudi kesho. Kubadilisha oili na filta, au kuweka gasketi mpya ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ni kazi ya mtu mwenye subira, spana sahihi na mwanga wa kutosha. Kinachoniuma ni kinachofuata. Oili ikionekana chini mtu anashikwa na hofu. Anakaza kila bolti anayoiona, anapaka silikoni juu ya oili mbichi, na wiki ya pili anaambiwa giaboksi ishushwe. Hela imetoka na doa liko palepale.

Kuna kijana jirani yangu anaendesha Noah, zile za zamani ambazo injini yake iko chini ya viti vya mbele. Anapakia abiria kutoka Kwa Sadala kupanda huku. Aliweka gasketi ya tapeti kava mwenyewe, chini ya mparachichi, na kazi ilionekana safi. Siku chache baadaye oili ikaanza kudondoka pale injini inapokutana na giaboksi. Gereji moja ikamwambia, bila hata kunyanyua kiti, kwamba sili ya nyuma ya krenki imekwisha. Sili yenyewe si ghali. Kinachomla mtu ni ufundi wa kushusha giaboksi, na zile siku ambazo gari limelala huku tajiri mwenye gari anasubiri hesabu yake ya jioni.

Lakini hebu tujiulize: gari hili lilikuwa halivuji. Limeguswa wapi? Limeguswa juu, kwenye tapeti kava. Basi juu ndiko pa kuanzia, hata kama tone linaangukia chini kabisa, nyuma kabisa. Oili haina haraka. Ikitoka kwenye kona ya nyuma ya tapeti kava inateremka taratibu mgongoni mwa injini, inapita kwenye bolti na vyuma, inafika kwenye nyumba ya klachi, na hapo ndipo inapodondoka. Anayelala chini ya gari huona mwisho wa safari ya oili tu.

Kiti cha Noah ile kiliponyanyuliwa na tochi ikaingizwa upande wa nyuma, palikuwa pamelowa kuanzia ukingo wa tapeti kava kwenda chini. Juu ya ukingo huo kulikuwa kukavu. Tapeti kava ikafunguliwa tena. Ndani ya mfereji wa gasketi kulikuwa na kipande cha mpira wa zamani, kigumu, kirefu kama ukucha wa kidole gumba, kimebaki kimeng'ang'ania chuma. Gasketi mpya ilikuwa imekalia kipande hicho, na pembeni yake pakabaki mwanya. Injini ikiwa baridi mwanya ule hautoi kitu. Ikipata moto na oili ikawa nyepesi, inatoka.

Kwa hiyo, msikilizaji, kabla hujanunua kifaa chochote, osha injini. Chukua mafuta ya taa na brashi, injini ikiwa imepoa, usugue kila penye uchafu wa oili, ufute kwa tambara hadi chuma kionekane, uache pakauke. Halafu endesha kidogo, injini ishike moto, urudi uangalie kwa tochi. Tafuta mahali palipolowa palipo juu kuliko pengine pote. Kama hupaoni, nyunyizia poda ya mtoto kwenye maungio unayoyatilia shaka, kisha uwashe tena. Poda ni nyeupe, oili ikipita inaacha mstari. Wakati wa kiangazi hata vumbi letu hufanya kazi hiyo, kwa sababu linanata penye oili na kuacha pakavu. Wakati wa masika tope hufunika kila kitu, na hapo ndipo watu wanapobahatisha zaidi.

Sisi wa mlimani tuna jambo letu ambalo watu wa tambarare hawalifikirii. Gari lililolala likiwa limeelekea bondeni hupeleka oili mbele. Likiwa limeelekea mlimani, oili inarudi nyuma. Gari lilelile, uvujaji uleule, na doa linahama. Likiwa mwendoni, upepo nao unaisukuma oili nyuma. Kwa hiyo usiku wa kulichunguza, litafutie mahali tambarare, ulaze kipande cha katoni chini yake. Kijiti cha kupimia oili nacho ukisome hapohapo, injini ikiwa imezimwa na oili imeshuka. Kama uani kwako ni mteremko mtupu, omba uwanja wa shule au wa usharika. Nimeona watu wakiongeza oili kwa sababu kijiti kimesomwa kwenye mteremko, ikazidi, na ikizidi inatafuta pa kutokea.

Aliyebadilisha filta aangalie jambo moja kwanza. Filta ya zamani ikifunguliwa, pete yake ya mpira wakati mwingine hubaki imeganda kwenye injini. Ukifunga filta mpya juu yake, pete zinakuwa mbili, na presha ikipanda ile ya juu inateleza. Hapo si matone tena, oili inaruka, na injini inaweza kuishiwa kabla hujafika barabarani. Pitisha kidole, hakikisha chuma ni kitupu. Nati ya kumwagia oili nayo ina washa yake, ambayo ikishabonyezwa mara nyingi haizibi tena. Ibadilishe. Usiikaze nati kwa hasira, maana nyuzi za sampu zikiliwa umejiongezea kazi.

Na kama umeziba hapa pakavuja pale, ukaziba pale pakavuja kwingine, achana na sili kwanza. Angalia briza, ule mpira unaotoa mvuke ndani ya injini. Mpira huo ukizibwa na masizi, presha inajijenga ndani na kusukuma oili kwenye kila sili iliyo dhaifu. Vilevile hakikisha kinachodondoka ni oili ya injini. Oili ya giaboksi ya otomatiki kwa kawaida ni nyekundu, na maji ya breki hayana weusi ule. Doa la breki halisubiri uchunguzi wa katoni. Gari hilo lisishuke mlima.

Uvujaji mdogo unaweza kuvumilika kwa muda, lakini mlima wetu unapunguza muda huo. Injini ya petroli ya Noah hubeba oili takriban lita 4. Ikipungua sana, kwenye mpando mkali ile iliyobaki hukimbilia nyuma ya sampu na pampu inaweza kuvuta hewa. Taa nyekundu ya oili ikiwaka hapo, zima injini palepale, hata kama abiria wananung'unika. Na ukisikia harufu ya oili inayoungua, angalia kama haidondokei kwenye ekzosi, kwa sababu moto wa gari huweza kuanza hivyo.

Ukiingia chini ya gari, usiitegemee jeki peke yake. Zuia matairi kwa mawe makubwa upande wa bondeni na uweke magogo chini ya chesi. Oili chafu na yale mafuta ya taa uliyooshea visiende kwenye mfongo, ule mfereji wetu wa maji. Maji yanayopita hapo yanamwagilia mboga za jirani, yanashuka hadi mto Kikafu, na Kikafu inaelekea mto Kikuletwa hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Weka oili chafu kwenye dumu lenye mfuniko. Mafundi wengi wanaikusanya.

Neno langu la mwisho nalielekeza kwa mafundi wetu wa gereji za barabarani, ambao nawaheshimu kwa kazi ngumu wanayofanya. Kabla hujamwambia mteja giaboksi ishuke, osha injini mbele yake, mpe tochi, mwoneshe kwa kidole mahali oili inapotokea. Asipopaona, na wewe hujapaona, spana ibaki kwenye boksi.