Alama za Mtihani na Mfuko wa Mzazi

Maneno yaliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Twasema mbele yenu juu ya Mfuko wa Elimu wa Chama chetu. Sisi tulio mezani ndio tupokeao barua za wazazi waombao basari, na kanuni tuifuatayo mwaijua: mwenye alama nyingi hupewa kwanza, na fedha zikiisha, waliobaki huambiwa wangoje. Kanuni hii yaonekana kuwa ya haki. Hata hivyo twaomba itazamwe tena, kwa kuwa alama si kazi ya mtoto peke yake; mfuko wa mzazi nao umo ndani yake.

Tuwafikirie watoto wawili walio sawa kwa akili. Wa kwanza ana taa, meza na vitabu vyake mwenyewe, na siku ya kufungua shule karo imekwisha kulipwa. Wa pili huteka maji kabla ya kwenda shule, huazima kitabu, na kila muhula hurudishwa nyumbani kutafuta karo. Wenzake wakifundishwa hesabu mpya, yeye yuko njiani. Mtihani ukija wote wawili hupewa karatasi moja, nasi tukiona tofauti ya alama twasema huyu ana bidii na yule hana.

Nchi yetu imekwisha kuliona jambo hili. Mwaka 1974 Serikali ilifuta karo ya darasa la kwanza hadi la nne, na watoto wakafurika shuleni. Lakini shule zilipoanza kutoza michango ya majengo, wengi walioingia walitoka. Mwaka 2003 karo ilifutwa katika madarasa yote ya shule za msingi za Serikali, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka. Hao hawakuwa wamekosa hamu ya kusoma. Walikuwa wamekosa fedha. Tangu mwaka 2008 Serikali hulipia mafunzo katika shule za sekondari za kutwa, lakini sare ni juu ya mzazi, na kwenye bweni mzazi hulipia chakula na malazi.

Hali kadhalika katika mtihani wa KCPE, uliofanywa tangu mwaka 1985 hata mwaka 2023, watoto wa shule za binafsi walijipatia nafasi katika shule za kitaifa kupita kadiri ya wingi wao. Mwaka 2011 Serikali iligawanya nafasi hizo upya ili watoto wa shule za umma wasizidiwe. Ubishi ulikuwa mkubwa, lakini jambo moja lilikubaliwa wazi: alama peke yake haimpimi mtoto.

Huenda Mzee mmoja akauliza, "Je, tuwalipie wavivu?" La, hasha. Bidii na ipimwe, ila ipimwe kwa kipimo kilicho sawa. Kwa hiyo twaleta mbele yenu mambo matatu.

Kwanza, mtoto alinganishwe na wenzake wa shule yake. Aliye wa kwanza katika shule isiyo na vitabu huenda amefanya kazi kubwa kuliko wa kumi katika shule iliyo navyo.

Pili, Mwalimu Mkuu aulizwe kwa barua ni siku ngapi mtoto alikosa masomo kwa ajili ya karo.

Tatu, fedha zipelekwe shuleni kabla ya muhula kufunguliwa, wala zisingoje kikao cha katikati ya muhula. Basari iliyochelewa hulipa deni, lakini haimrudishii mtoto masomo yaliyompita.

Twajua kwamba wanachama wengine, ambao watoto wao wamekuwa wakipata kwa alama, watapungukiwa. Hilo si dogo, nasi hatulifichi. Lakini Mfuko huu ulichangwa na wote, pamoja na mama auzaye mboga sokoni atoaye shilingi zake kila mwezi, na mtoto wake hajapata kuwa juu katika orodha yetu. Kabla hamjapiga kura, Wazee wetu, twawasihi mmfikirie huyo.