Motere haikuji peke yake

Maneno ambayo fundi wa chama alisema mbele ya wanachama, Katoto, Kamina



Prezida ameniomba niseme juu ya ile Land Cruiser yetu inayolala chini ya muembe. Neno moja kwanza. Sisi tuliokaa Tanzania tunasema injini, klachi, giaboksi, stata. Ninyi muliobakia, munasema motere, ambreyaji, bwate, demarere. Wale wa Zambia nao wako na yao. Leo nitachanganya, musinicheke.

Gari munaijua. Ni HJ47, ile pikapu ndefu ya kabla ya 1985. Chasi iko nzima, difu ya mbele na ya nyuma ziko nzima, giaboksi tuliifungua na meno yake ni mazuri. Kilichokufa ni motere: bloki imepasuka na maji yanaingia katika mafuta. Wengine wanasema tupige sudire. Bloki ni chuma cha kumwaga. Ukiichoma na sudire ya kawaida, inapasuka pembeni ya pale ulipoichoma. Basi tutafute motere ingine, na pesa ni ile ile muliyotoa kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi. Haiko pesa ya kujaribia.

Kazi hii ya kutoa motere katika gari moja na kuitia katika ingine haikuanza kwetu. Kule California, Marekani, vijana walikuwa wananunua gari nzee na nyepesi za Ford, wanazitia motere ya V8 ambayo Ford ilianza kuitoa katika mwaka 1932. Chevrolet ilipotoa V8 yake katika 1955, nyepesi na ya bei ndogo, wengi wakahamia kule. Muangalie sababu: walichukua ile iliyojaa katika makaburi ya magari, ambayo vipuri vyake vinapatikana kwa jirani. Wao walitafuta mbio. Sisi tunatafuta kubeba mahindi, na kumufikisha hospitali mama aliyeshikwa na uchungu usiku.

Sasa mapendekezo. La kwanza ni 2L, ile dizeli ya lita 2.4 ya basi ndogo za HiAce. Bei yake ndogo, nakubali. Lakini motere yetu ilikuwa ya lita 4, na gari ni ile ile, uzito ni ule ule. Hapa Kamina tuko juu ya bahari kwa zaidi ya metre 1,000. Hewa ni nyepesi, na motere isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake. Uitie 2L tani moja ya mahindi, katika matope ya mwezi wa pili: itavuta paka na vitesi vya kwanza na vya pili, itapata moto, na silinda hedi ya 2L inajulikana kwa kupasuka ikishapata moto. Mimi sitaifunga. Mukitaka, mutafute fundi mwingine.

La pili ni la vijana: 1HZ. Hapa siwezi kuwacheka, sababu ni motere ya kweli. Silinda sita, lita 4.2, ni ile ya Land Cruiser ndefu nyeupe za mashirika tunazoziona kila siku. Vipuri vyake viko Lubumbashi, viko Ndola, viko Dar es Salaam. Kama tungenunua gari mupya, ningesema 1HZ na kukaa chini.

Lakini motere haikuji peke yake, inakuja na ukoo wake, kama bibi-arusi. Ile kengele inayounganisha motere na bwate, lazima ikubaliane na bwate yetu. Isipokubali, tunanunua na bwate pia. Bwate mupya ikiwa ndefu kuliko ya zamani, shafti za kwenda difu ya mbele na ya nyuma zinakatwa au kuongezwa, na shafti iliyokatwa vibaya inatetemesha gari mpaka inavunja mikono ya chasi. Halafu mikono yenyewe ya kushikia motere: lazima tuikate, tuiunge upya. Sufuria ya mafuta isigonge difu ya mbele wakati gari inaruka katika shimo. Feni isiwe mbali na radiatere.

Kuko tena jambo la usukani. Motere nyingi za Japani zinazopitia Dar es Salaam zinatoka katika gari za usukani wa kuume. Sisi Kongo usukani uko kushoto. Bloki ni ile ile, lakini bomba ya moshi, filta na mabomba mengine yanaweza kukuta sanduku la usukani limeshakaa pale. Muuzaji hatakuambia hiyo. Utaijua siku ya kuishusha, na siku ile pesa imeshatoka.

Na 1HZ inazungushwa na mukanda wa ndani, wa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Motere ya zamani, dashibodi ya zamani: nani atahesabu kilomita? Mukanda ukikatika, valvu zinagonga pistoni.

Kwa hiyo mimi nasema 2H, ile ile iliyokuwa ndani. Haina mukanda, iko na gia. Inakaa katika mikono ile ile, inaingia katika bwate ile ile. Ilitiwa pia katika HJ60 na katika HJ75 za kwanza, kwa hiyo tusitafute paka HJ47. Jambo moja tu la kuangalia: yetu ni ya volti 24, batri mbili. Kuko 2H za volti 12. Tukipata ya namna ile, tuhamishe demarere yetu na alternata yetu, pamoja na plagi za kupasha moto.

Najua mutaniuliza: vipuri? Ni kweli, 2H haitengenezwi tena tangu miaka mingi, na kila mwaka vipuri vinapungua. Ndiyo sababu naomba tununue mbili: moja nzima, na moja iliyokufa, kwa bei ya chuma, tuiweke katika depo. Hata mbili kwa pamoja hazifiki gharama ya 1HZ na ukoo wake wote. Pesa inayobakia iende katika radiatere na freni. Motere nzuri bila freni, afazali tutembee kwa miguu.

Kuhusu kuchagua: tufike asubuhi sana, tushike bloki na mukono. Ikiwa na moto, mwenyewe ameishawasha ili kuficha namna inavyoamka vibaya. Ikishaamka, tufungue kifuniko cha mafuta: moshi ukipiga kwa nguvu pale, ringi zimekwisha. Moshi wa buluu nyuma ni mafuta ya injini yanaungua. Moshi mweupe usiokwisha hata motere ikishapata moto, tutafute sababu: maji, ao injekta mbovu. Mafuta yakiwa kama maziwa, twende zetu bila kusalimia. Na namba ya motere iandikwe katika karatasi ya kununulia, na sahihi ya muuzaji, sababu ku barabara utaulizwa motere hii umeitoa wapi.

Kwenda Lubumbashi naomba watu watatu: mimi, mama mutunza-sanduku, na kijana mumoja kati ya hawa wanaotaka 1HZ, ili aone bei kwa macho yake. Nauli isitoke katika pesa ya motere. Mwenye kupinga aseme sasa, halafu prezida apigishe kura.