Juu ya nini tunarudilia kuandika menaji
(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano mkuu wa shirika)



Kuna wenye waliuliza: juu ya nini komite inarudilia kuandika menaji, na listi ya kwanza ingali iko? Nitajibu kwa mfano wa mbali. Cornwall ni jimbo la kusini-magharibi ya Uingereza. Kule wanahesabu watu kila miaka kumi. Mwaka 2011 walikuta watu karibu 532 300. Mwaka 2021, karibu 570 300. Mtu atawaza ni watoto wamezaliwa wengi. Hapana! Kule wenye kufa wanapita wenye kuzaliwa. Hesabu imepanda juu ya wenye kuhamia toka fasi zingine, na wazee wamekuwa wengi. Tena kuna nyumba nyingi zenye wenyewe wanafika tu wakati wa likizo. Kwa hiyo kuhesabu mapaa haitoshi. Kwao menaji ni mtu mwenye kukaa peke yake, ao watu wenye kutumia jiko moja na saloni moja, hata kama si ndugu.

Sasa sisi. Inchi yetu ilihesabu watu wote mara ya mwisho mwaka 1984. Na tangu turudi, mjane amepokea yatima, kijana ameoa, wengine wamehama tena. Tukishika listi ya zamani, msaada utafika kwenye mlango wenye hauna mtu, na jiko jipya litakosa.

Mwandikaji akipiga hodi, mwambieni ukweli: leo, ni nani anakula kwenu?