Mafuta ya Karai na Mioyo Yetu

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya afya. Nimechagua mafuta yanayokaangia chakula katika hoteli na vibanda vyetu, kuanzia Shinyanga mjini na Kahama hadi machimbo ya Nyarugusu na Rwamgasa huko Geita.

Tuanze na kemia. Mafuta ya mimea, kama ya pamba na alizeti, kwa kawaida ni ya maji. Mwaka 1902 Mjerumani Wilhelm Normann alisajili njia ya kuyagandisha kwa gesi ya haidrojeni na madini ya nikeli. Mwaka 1911, huko Marekani, mafuta ya mbegu za pamba, zao lile lile lililosomesha wengi wetu, yakaanza kuuzwa yakiwa yamegandishwa, kwa jina la Crisco. Wapishi waliyapenda kwa kuwa hayaozi upesi na hustahimili moto. Lakini haidrojeni isipokamilisha kazi yake, sehemu ya mafuta hubadilika umbo na kuwa mafuta ya transi. Hayo huongeza lehemu mbaya katika damu, hupunguza lehemu nzuri, na huharakisha kuziba kwa mishipa ya moyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa yanasababisha vifo zaidi ya 500,000 kila mwaka, likazitaka nchi zote ziyaondoe katika chakula ifikapo mwisho wa 2023.

Mtaniuliza: je, samli na maziwa ya ng'ombe wetu? Ni kweli vina transi ya asili, lakini kidogo. Wala si kila mafuta yaliyoganda yana transi. Mawese huganda yenyewe, ingawa nayo hayafai kuzidishwa. Kwa hiyo jicho peke yake halitoshi. Hatuna budi kusoma maandishi ya kwenye chombo.

Hapo ndipo penye tatizo. Mama lishe wa machimboni mara nyingi hanunui ndoo nzima. Hununua mafuta ya kupima, na chupa anayomiminiwa haina maandishi yoyote. Mchimbaji anayetoka duarani na njaa yake, akaagiza chipsi au sato wa kukaanga, hana njia ya kujua anakula nini. Kumwambia achague mafuta bora ni kumtwisha mzigo asioweza kuubeba.

Wenzetu walilitambua hilo. Mwaka 2003 Denmark iliweka kanuni kwamba kila gramu 100 za mafuta zisizidi gramu 2 za transi ya kiwandani. Mwaka 2006 jiji la New York liliamua kuyaondoa katika migahawa yake, na watu wa huko wanakula chipsi hadi leo. Hakuna mlaji aliyelazimika kwanza kusomea kemia. Nasi njia yetu ni hiyo: mafuta yakaguliwe kiwandani na bandarini, kabla hayajafika kwenye chupa ya kupima. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula nchini uko mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania. Wale kati yetu wenye nafasi ya kulisemea jambo hili katika ofisi na mabaraza, wasinyamaze.

Kazi ya pili ni ya jikoni. Hata mafuta mazuri huharibika yakichemshwa siku baada ya siku. Yakiwa meusi, yakitoa povu, yakinata au yakifuka moshi mapema, yamekwisha kazi. Yachujwe kila baada ya kukaanga, yafunikwe, na yasiongezewe mapya juu ya ya zamani ili kuficha weusi.

Najua mtasema mafuta ni ghali, na mama lishe akiyamwaga anamwaga faida yake. Ni kweli, na ndiyo maana asiachiwe peke yake. Baadhi yenu mna hoteli Kahama na Geita. Wengine mna zabuni za kulisha kambi za migodi. Mnunuzi wa madumu ishirini husikilizwa na mwenye duka. Mnunuzi wa chupa moja hasikilizwi. Andikeni katika mikataba yenu kwamba hamtaki mafuta yenye transi. Mkiyataka mengi, mwenye duka atayaleta, na hayo hayo ndiyo atakayompimia mama lishe. Tena, si lazima kila kitu kipite katika karai: sato wa kuchemsha, maharage, viazi vitamu na michembe vimewalea Wasukuma miaka mingi.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio, wakajifunza, kisha wakainuka kufanya kazi. Hawakuishia kusikiliza.

Kwa hiyo napendekeza tuanzie hapa hapa. Chama chetu kiongee na Mkuu wa Shule, na vijana wa darasa la kemia wakague mafuta ya jiko la shule na ya wauza maandazi walioko getini, wasome maandishi ya kila chombo, na watuletee taarifa katika mkutano ujao. Ikionekana kwamba mwuza maandazi anahitaji msaada ili anunue dumu zima lenye maandishi, basi sisi tuliokula maandazi hayo miaka minne au sita hatutashindwa kuchanga.